Karatasi moja, bonbon mbili

Jambo Yaya,

Nakuandikia kwa sababu nimechoka kuchekwa. Mimi ni mama wa watoto wanne, ninakaa komini Kenya hapa Lubumbashi, na mbele ya nyumba nina ligablo yangu: meza, kabati la vioo, na mwavuli mkubwa wakati wa mvua. Ninauza sabuni ya vipande, chumvi ya kupima, mafuta ya vikombe, mishumaa, biskuti na bonbon. Shule ya msingi iko karibu, kwa hiyo mtu asidharau bonbon. Watoto wakitoka saa sita, ni wao wanaoninunulia makala ya kupikia bukari.

Miezi mitatu iliyopita, depo ninakochukua vitu ilileta sashe mpya kutoka Tanzania. Imevuka Tunduma, imekata Zambia, imeingia Kasumbalesa, na bado ni bei nzuri. Ndani kuna bonbon 50. Ni ngumu, ni tamu kweli, na hazigandi kwenye karatasi hata mvua ikipiga wiki nzima. Kasoro ni moja tu. Ndani ya sashe moja wamechanganya gu (ladha) mbili, frezi (stroberi) na tangawizi, na zote mbili wamezivalisha karatasi nyekundu. Sisemi nyekundu zinazokaribiana, Yaya. Ni ile ile! Tofauti ni neno moja dogo pembeni, na ncha za karatasi zikishasokotwa, neno lenyewe linajificha kwenye mkunjo. Mimi nilisoma kwa miwani ya mama mkwe.

Sasa mtoto anakuja na falanga zake 100, ananyoosha kidole: "Mama, ile nyekundu." Nampa. Anafungua, anatia kinywani, haifiki hata kuhesabu tatu, uso unakunjamana. "Mama, inauma!" Anaitema mkononi, ananirudishia na machozi juu. Nifanye nini? Nampa nyingine. Na hiyo nayo inaweza kuwa tangawizi. Juzi kuna mmoja aliangukia tangawizi mara tatu mfululizo, wenzake wakamwambia amelogwa, akakimbia nyumbani.

Wiki iliyopita msichana mmoja alimnunulia mdogo wake ambaye hajafika hata miaka mitatu. Mtoto akakohoa, akakohoa, mpaka mama yao akatoka kunigombeza mbele ya wapita njia eti ninauzia watoto pilipili.

Hesabu yangu ni hii. Sashe ninainunua 3,500, nikiuza zote napata 5,000. Faida 1,500. Lakini kila sashe zinarudi kama 11 zimeshalambwa, ndiyo 1,100 imekwenda. Kwa wiki ninamaliza sashe mbili. Badala ya 3,000 ninabaki na 800. Jioni, mimi na binti yangu wa darasa la tano tunakaa na tochi ya simu, tunachambua bonbon kama mchele wenye mawe: frezi bokali hili, tangawizi bokali lile. Lakini saa ya watoto kutoka wanakuwa ishirini mbele yangu, kila mmoja anaonyesha kidole chake, na kidole kinaona nyekundu tu.

Nilimweleza mama wa depo. Akaniambia, "Hautaki, ziko zingine." Nikasema basi nitaandikia kiwanda chenyewe. Bwana yangu aliposikia alicheka mpaka akaacha kula. "Watu wa kiwanda, wasome barua ya mama wa ligablo, juu ya karatasi ya bonbon?" Na huyo huyo ndiye pekee nyumbani anayezipenda za tangawizi! Kila wiki anachota kumi hivi anaenda nazo kazini, anasema zinamfungua kifua. Mulamu (shemeji) wangu naye ananisukuma nipige picha niweke Facebook, nitaje jina la kiwanda, niwaite wezi.

Nataka kujua mambo mawili. Kwa nini mtu mwenye akili zake atengeneze bonbon namna hii? Na je, ni haya kwa mtu kama mimi kuandikia kampuni? Kifaransa changu ni cha shule ya msingi, Kiingereza sina hata kidogo.

Mama wa ligablo, komini Kenya

*

Mama,

Nisamehe, na mimi nimecheka, ila nilimcheka yule wa mara tatu. Halafu nikasoma tena hesabu yako, na kicheko kikaisha. Kuna kosa moja ndani yake. Nitalirudia mwishoni, kwa sababu linamhusu mtu wa nyumbani na sitaki tuanzie huko.

Kwa nini wafanye hivyo? Twende mpaka jikoni kwao. Bonbon ngumu ni sukari na shira ya glukosi, vinachemshwa pamoja mpaka karibu digrii 150, maji yote yanakaribia kwisha. Ladha, rangi na ule uchachu haviingii kwenye moto mkali. Vinatiwa baadaye, uji ule ukianza kupoa na kuwa kama kinyunya. Maana yake, kwa mwenye kiwanda, gu mbili ni kazi ndogo sana: sufuria ni moja, anakata donge katikati, huku anatia frezi, huku anatia tangawizi. Anapata kuandika "ladha mbili" juu ya sashe karibu bila gharama.

Karatasi ndiyo inayomla. Zile karatasi huja kama roli kubwa za plastiki nyembamba, na mara nyingi zinachapwa kwa silinda za chuma zilizochongwa, kila rangi ya wino na silinda yake. Roli haziagizwi mbili tatu, zinaagizwa kwa wingi. Na mashine ya kufunga, ambayo inafunga mamia ya bonbon kwa dakika, inabidi isimamishwe kila roli ya sura nyingine ikitakiwa kuwekwa. Mtu mwenye kalkuleta akiangalia hayo yote, anasema: tununue roli ya namna moja tu. Mimi ningekuwa mhasibu wao, labda ningesema hivyo hivyo.

Kwa nini nyekundu, sasa? Hapo ndipo utamu ulipo. Kwa mtoto wako wa saa sita, nyekundu ni frezi, hakuna mjadala. Kwa mtu mzima, nyekundu ni moto, ni pilipili, na tangawizi inawaka, kwa hiyo nayo inavaa nyekundu vizuri tu. Kila moja ikiwa peke yake, rangi ni halali. Ni kuzilaza kitanda kimoja ndiko kulikoleta kesi.

Na kesi hiyo haikuwahi kufika kiwandani. Fikiria njia ya mali: kiwanda kinamuuzia mwagizaji, mwagizaji anauzia depo, depo inakuuzia wewe. Wote hao wananunua katoni, na katoni hailii. Wa kwanza katika mlolongo mzima kuona uso unaokunjamana ni wewe. Ndiyo maana sikubaliani na bwana yako. Anadhani unataka kuwasumbua wakubwa kwa jambo dogo. Mimi naona una habari ambayo hawana, na sasa hivi wewe na binti yako mnafanya kwa tochi kazi ya kutenganisha ambayo kiwanda kilijiokolea kuifanya. Bila mshahara! Hilo lingeniudhi kuliko machozi ya watoto.

Unauliza kama ni haya. Mama, watu wamewaandikia wakubwa kwa mambo madogo kuliko hayo. Mwaka 1976 kule Marekani serikali ilipiga marufuku rangi moja nyekundu ya vyakula. Kampuni ya Mars haikuwa inaitumia rangi hiyo kwenye bonbon ndogo za chokoleti za rangi rangi, zile M&M's zake, lakini ilitoa nyekundu zote ili wanunuzi wasiogope. Watu wakakosa nyekundu yao. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu huko Tennessee akaanzisha hata chama cha kudai irudi, kwa utani nusu na kwa ukweli nusu, na barua zikaandikwa. Mwaka 1987 nyekundu ikarudi. Tena yule hakuwa na hasara hata ya senti, alikuwa anataka rangi tu.

Ya Toblerone unaweza kuwa umeisikia, ile chokoleti ya pembe pembe kama vilima. Mwaka 2016, kwa soko la Uingereza, ile ya gramu 400 ikafanywa gramu 360, na ili boksi libaki na urefu ule ule wakaachanisha vilima, mabonde katikati yakawa mapana. Watu walipofungua waliona mara moja. Kelele zikawa nyingi, na mwaka 2018 umbo la zamani likarudi.

Sitakudanganya kwamba kila mara inakuwa hivyo. Waingereza hao hao wamebishana miaka na miaka na kampuni ya Walkers inayotengeneza chipsi za pakiti: ya jibini na kitunguu inafungwa kwenye pakiti ya bluu, ya chumvi na siki kwenye kijani, wakati kampuni nyingi kwao zinafanya kinyume. Mpaka leo bluu ni bluu. Kwa hiyo andika ukijua kwamba jibu linaweza kuwa "asante kwa maoni yako", nukta.

Lugha isikutishe. Wametengenezea Tanzania, andika Kiswahili. Badilisha neno moja tu: kule bonbon inaitwa pipi. Najua, najua. Sisi tuliopita kwa Kifaransa, mtoto akisema "pipi" tunamkimbiza chooni. Lakini ukiwaandikia "pipi zenu ni tamu" hawatashtuka, nakuahidi.

Chukua sashe tupu, ugeuze nyuma. Utakuta jina la kampuni, sanduku la barua, mara nyingi na namba ya simu au anwani ya barua pepe. Tazama pia ile mistari myeusi inayopitishwa kwenye mashine madukani. Namba zake zikianza na 620, kampuni imesajiliwa Tanzania; 616 ni Kenya (ile nchi, si komini yako); 600 au 601 ni Afrika Kusini. Namba hizo hazisemi bonbon ilipikwa wapi, zinakuonyesha tu mwenye namba alijiandikisha wapi, ila zinatosha kukuambia kama umelenga mlango sahihi. Kisha piga picha mbili kwa mwanga wa mchana: bonbon mbili zimelala sambamba zikiwa zimefungwa, halafu hizo hizo zimefunguliwa. Picha hiyo itasema zaidi ya ukurasa mzima wa hasira. Piga na tarehe ya kwisha muda na namba ya toleo, kwa sababu ndicho kitu cha kwanza watakachokuuliza.

Barua iwe fupi. Mimi ningeandika hivi:

"Ndugu wahusika wa mauzo, ninauza pipi zenu rejareja Lubumbashi, Kongo, pakiti mbili kwa wiki. Pipi ni nzuri na hazigandi kwenye karatasi hata wakati wa mvua. Tatizo ni kwamba ladha ya stroberi na ya tangawizi ziko pakiti moja, kwa karatasi moja nyekundu. Wanunuzi wangu ni watoto wa shule, wengi wao bado hawasomi vizuri. Katika pipi 50, kama 11 hurudishwa zikiwa zimeshalambwa, na hasara inabaki kwangu. Ninaomba tangawizi ipewe karatasi ya manjano, mchoro ule ule. Kama haiwezekani, basi kila ladha iwe na pakiti yake. Nimeambatanisha picha."

Basi. Umeona nilivyoomba rangi? Mchoro ule ule maana yake silinda zile zile, wino tu ndio unabadilika. Tayari wakisimamisha mashine watakuwa wanalalamika, usiwaongezee kazi ya kuchonga upya. Na sifa niliyoweka si ya kuwapaka mafuta. Umeniandikia mwenyewe kwamba haigandi, na kwa anayejua sukari inavyovuta unyevu, hiyo si sifa ndogo. Anayesoma ataona anaongea na mtu anayejua mali.

Usiombe fidia katika barua hii ya kwanza. Ukitaja pesa, barua inahamia meza ya watu ambao kazi yao ni kukataa.

Nakala moja impitie mama wa depo, ila usiende peke yako. Naamini una likelemba, kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu, na humo ndani hukosi wenzako wawili watatu wanaouza sashe hiyo hiyo. Mwende pamoja. Ukimwambia "sisi wote tutaacha kuchukua", atalazimika kumpigia aliye juu yake, na yule anayevusha makatoni Kasumbalesa ana sikio la kiwanda kuliko mimi na wewe. Kuhusu OCC, ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa, kazi yao ni ubora wa bidhaa zinazoingia, na wako tangu 1974. Ukikuta sashe isiyo na tarehe au iliyopitwa na wakati, wafuate. Rangi ya karatasi usiwapelekee, watakuzungusha bure.

Mulamu wako mwambie asubiri. Kumwita mtu mwizi hadharani kwa kosa ambalo hajaambiwa, hata kwetu ukifanya hivyo kwa jirani wazee watakuuliza kama ulibisha hodi kwanza. Isitoshe hawajaiba. Walikuwa wavivu.

Kuna jambo moja nitakuwa mkali kidogo. Yule mdogo ambaye hajafika miaka mitatu hakupaswa kupewa bonbon hiyo hata kama ingekuwa frezi tupu. Bonbon ngumu ya mviringo inaweza kuziba koo la mtoto, na madaktari wa watoto wanashauri asipewe kabla ya miaka minne. Mama yake alikosea kukuita muuza pilipili, lakini hofu yake ilikuwa na mahali pa kukaa. Dada mtu akija tena, mpe biskuti ya mdogo wake.

Wakati unasubiri majibu, acha kuwapa watoto nafasi ya kuonyesha kidole. Bokali la frezi liwe mbele, la tangawizi lirudi kabatini, na kabla hujapokea falanga uliza maneno mawili: "Tamu ao kali?" Aliyesema kali akalia, amelia kwa mdomo wake. Na ile ya kubadilisha iliyolambwa, ifute leo, wala usiwe na huruma. Watoto wana akili kuliko unavyofikiri. Baadhi ya hao 11 wamekwisha kugundua kwamba ukilia unapata mbili kwa bei ya moja.

Sasa ile hesabu. Umeniambia unabaki na 800 kwa wiki. Halafu, mistari michache baadaye, umeniambia kama jambo la kuchekesha kwamba bwana yako anachota kumi hivi kila wiki. Kumi kwa 100 ni 1,000. Hiyo hukuitoa popote. Toa: hubaki na 800, unadaiwa 200. Karibu theluthi ya hasara yako yote ina masharubu, inaenda kazini asubuhi, na ndiyo iliyocheka mpaka ikaacha kula.

Weka daftari kabatini, karibu na bokali la tangawizi. Yeye awe mteja wa kwanza kuandikwa.

Yaya